Nauli ya Moro inanunua nini?

Morogoro ni Mji Kasoro Bahari. Wenyeji hulitaja jina hilo kwa kujidai, kana kwamba bahari ndiyo iliyokosa bahati ya kufika hapa. Milima ipo, maji ya Uluguru yanateremka mpaka mjini, ndizi za Kinole na machungwa ya Matombo hayakauki sokoni. Kilichokosekana ni bandari, na pamoja nayo zile meli za kitalii zenye ghorofa mpaka shingo inauma, ambazo abiria wake hubishana kabla ya kupanda: kampuni ipi inakupa zaidi kwa nauli ileile?

Ubishi wenyewe lakini tunao tele. Usikilize Ijumaa jioni katika ofisi yoyote ya Dar es Salaam yenye watu wa Moro wawili watatu. Mmoja ni wa treni, mwingine wa basi, wa tatu ana kigari chake na anapiga hesabu ya mafuta. Kila mmoja ana faida anazozihesabu kwa sauti na kasoro anazozimezea.

Tuanze na wenye meli, maana wao ndio walioifanya hesabu hii kuwa biashara kamili. Meli ya Icon of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean ilianza safari zake Miami, Marekani, Januari 2024, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria zaidi ya 7,000. Nauli ya chini inakupa kitanda, chakula cha ukumbi wa kawaida, mabwawa ya kuogelea na maonyesho ya jioni. Bia, intaneti, mikahawa maalumu na matembezi ya nchi kavu unalipia kando, na bahashishi ya wahudumu inahesabiwa kwa siku. Kampuni kama Regent Seven Seas na Silversea zinafanya kinyume: bei ya juu tangu mwanzo, kisha karibu kila kitu kimo ndani. Anayezilinganisha kwa kutazama bei ya kwenye tangazo peke yake atapotea pande zote mbili. Kwenye meli ya kwanza atashangaa bili ya siku ya mwisho. Kwenye meli ya pili, kama hanywi pombe, atakuwa amemnywesha jirani yake safari nzima kwa pesa yake.

Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka tuilete kwenye njia ya Dar es Salaam na Morogoro, yenye kilometa zisizofika 200 kwa barabara, ambako mwenye pesa kidogo na mwenye pesa nyingi sasa wote wana vya kuchagua.

Haikuwa hivyo siku zote. Misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 ililipa wapagazi, ikalipa chakula, halafu ikalipa hongo kwa kila mtawala ambaye ardhi yake ilikanyagwa. Henry Morton Stanley alipopita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliukuta mji wa Simbamwene umezungushiwa ukuta, na hata baada ya kuupita, wajumbe wa malkia wake walimfuata nyuma kudai chao. Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro mwaka 1907. Safari ya majuma ikawa ya saa, na gharama zote zikaingia kwenye tiketi moja. Lakini treni ile ya reli nyembamba ilibaki ya watu wa Tabora na Kigoma. Barabara ya lami ilipokaa sawa, mtu wa Moro alihamia kwenye basi, na huko akakaa mpaka tarehe 14 Juni 2024, siku treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro.

Kwenye basi bei haikisiwi. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ndiyo inayopanga kikomo cha nauli, na viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilometa kwa basi la daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Zidisha kwa kilometa 190. Unapata kama 9,200 kwa basi la kawaida na kama 12,900 kwa la kati. Viwango hupanda bei ya mafuta inapopanda, kwa hiyo uliza siku ya safari, lakini tofauti ya kama shilingi 3,700 kati ya daraja na daraja ndiyo ya kuiweka kichwani. Inanunua nini?

Kinachoonekana kwanza ni soda. Gari likishatoka Mbezi na kuipita Kibaha, kijana wa kampuni anapita katikati na kreti, anauliza "Koka, Fanta, Spraiti?" kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi, na nyuma yake mwenzake anatoa biskuti na chupa ndogo ya maji. Nimewaona watu wazima, wenye mishahara yao, wakikumbuka kampuni ya basi kwa soda hiyo mwaka mzima. Ndiyo takrima ya bei rahisi kuliko zote alizonazo mwenye gari. Kinachomgharimu yeye ni kiti. Basi la kawaida lina viti vitatu upande mmoja na viwili upande mwingine. Basi la kati lina viwili kwa viwili, na wanaokaa ni wachache. Aliyewahi kusafiri amebanwa katikati ya ule upande wa watatu, kulia ana mtu mnene na kushoto ana mama aliyempakata mtoto, hahitaji kuelezwa kilichomo ndani ya 3,700. Kiyoyozi nacho kinafuata, hasa pale Chalinze saa nane mchana. Soketi ya chaji iko kwenye mabasi mengi, ila kuwaka ni habari nyingine. Luninga naiacha, nusu ya abiria wanaiomba ipunguzwe sauti na nusu wanaiomba iongezwe.

Soda, kwa hiyo, isikuamulie. Ukiambiwa "luxury", angalia viti kabla ya kutoa pesa. Basi la viti vitatu kwa viwili ni la daraja la kawaida hata likipakwa rangi ya dhahabu, na nauli yake halali ni ile ya chini. Tiketi ina nauli iliyoandikwa, na hiyo ndiyo silaha yako ukienda kulalamika LATRA.

Basi lina faida tatu ambazo hazitangazwi. Ya kwanza ni uhuru wa saa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na kwa kuwa magari ya Iringa, Mbeya, Songea na Dodoma yote yanapita Msamvu, mtu wa Moro hakosi usafiri. Hulazimishwi na mtu, hukati tiketi siku mbili kabla. Unafika Kituo cha Magufuli pale Mbezi, unaulizwa "Moro? Moro? Bado wawili!" na hao wawili ni hadithi ya kila siku, lakini mwisho unaondoka. Abood, kampuni iliyokulia mjini hapa, imejenga jina lake kwa kitu hichohicho: kuwa na gari linaloondoka wakati unapolihitaji.

Ya pili ni kushushwa unapotaka. Mwenye kwao Mikese anashuka Mikese, wa Mdaula anashuka Mdaula. Treni haina "shusha hapo kwenye mwembe."

Ya tatu ni buti. Simama Msamvu asubuhi utazame mabasi ya kwenda Dar es Salaam yanavyopakia. Juzijuzi nilimtazama mama mmoja wa makamo, khanga mbili kiunoni, ameteremka na gari la Kinole na mikungu miwili ya ndizi, kiroba cha magimbi na fenesi kubwa kama mtoto wa miaka miwili. Konda akataja bei ya mzigo. Mama akakaa juu ya kiroba chake kama aliyefika nyumbani.

"Mwanangu, hiyo bei ni ya mzigo au ya basi lote?"

"Bi mkubwa, fenesi peke yake linakula nafasi ya mabegi matatu."

"Basi fenesi nitalipakata. Andika ndizi."

Walimalizana kwa kucheka na kwa nusu ya bei ya kwanza, fenesi likaingia buti, na mama akasimamia mwenyewe lisiwekewe begi juu. Hiyo nayo ni sehemu ya nauli. Mapatano ya namna ile hayapo kwenye geti la SGR, ambako masharti ya mizigo yametungwa kwa ajili ya mtu mwenye begi la nguo.

Hasara za basi kila mtu anazijua, nitazipitia haraka. Mwendo wa mabasi umefungwa kilometa 80 kwa saa, na kwa haki kabisa. Njia ni ileile ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo, na ikifunga Mlandizi au Chalinze hakuna daraja la tiketi litakalokuondoa. Siku njema ni saa tatu na nusu. Siku mbaya ni tano, na jua linazama mkiwa bado mnaitazama Ruvu. Choo ni cha kusimama: "Abiria, tunachimba dawa dakika tano!" na wanawake ndio wanaolipa bei ya huduma hiyo, kichakani, na mtoto mkononi. Wauza dawa za miujiza wanaopanda Mbezi na kuhubiri mpaka Kibaha siwahesabu kama hasara. Wengine ni waigizaji hodari.

Sasa treni. Nauli ya treni ya kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ilipangwa shilingi 13,000 huduma ilipoanza, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu. Linganisha na ile 12,900 ya basi la daraja la kati na utaona kilichotokea. Kwa bei ya kiti cha basi zuri, umepewa treni ya umeme inayofika kilometa 160 kwa saa, choo ndani ya behewa, soketi ya kuchajia simu, na safari isiyofika saa mbili. Soda hakuna, mgahawa upo ndani, unanunua. Sijaona kokote kwenye njia hii shilingi mia moja iliyowahi kununua zaidi ya hapo.

Mbona basi mabasi hayajafa? Kwa sababu tiketi haianzi pale behewa linapong'oa nanga. Ya SGR inaanza mlangoni kwako, na Dar es Salaam ni kubwa. Stesheni ya treni, nayo inaitwa Magufuli kama kile kituo cha mabasi, iko katikati ya jiji. Kwa anayeishi Kariakoo, Ilala, Temeke au Kigamboni, hakuna cha kujadili, apande treni. Wa Ukonga na Gongo la Mboto ana bahati zaidi, maana treni ya kawaida inasimama Pugu kabla ya Soga, Ruvu na Ngerengere. Lakini mtu wa Kimara, Mbezi au Kibamba anatakiwa arudi mjini kwanza, saa nzima au zaidi barabarani, afike stesheni mapema kwa ajili ya ukaguzi akiwa na kitambulisho mkononi, ndipo treni imrudishe upande aliotoka. Wakati anakaguliwa begi, mwenzake aliyedaka basi pale Mbezi ameshaivuka Kibaha. Ukijumlisha yote, wanaweza kufika Moro wakiwa wamepishana kwa nusu saa tu.

Upande wa Morogoro nako kuna mkia. Stesheni ya SGR, iliyopewa jina la Rais mstaafu Jakaya Kikwete, ni jengo la kujivunia, na paa lake limechorwa kwa kufuata safu ya Uluguru. Liko Kihonda. Ile reli ya Mjerumani ilikuwa inakushusha karibu kabisa na mji; hii inakushusha kwa bodaboda na bajaji, na usiku bei ya mwisho ni ya dereva. Mwenye ndugu wa kumpokea halioni tatizo. Mgeni aliyekuja na watoto wawili na masanduku analiona.

Treni nayo si malaika. Mwezi Agosti 2024, siku chache tu baada ya huduma kufika Dodoma, Shirika la Reli, TRC, lililazimika kueleza hadharani kwamba ngedere na bundi walioingia kwenye mifumo ya umeme walichangia treni kusimama njiani. Nchi ilicheka, lakini somo ni la kweli: gari likiharibika Mikese, lingine linakuja kuwachukua, umeme ukikatika porini mnakaa pamoja na ngedere wenu. Kwa jumla, hata hivyo, treni imekuwa ikishika saa kwa namna ambayo basi haliwezi hata kuahidi, na mwenye kikao saa nne asubuhi analijua hilo.

Kuna kitu kimoja ambacho hakina daraja wala bei. Ukitoka Dar es Salaam, kwa basi au kwa treni, Uluguru iko mkono wa kushoto. Omba dirisha la kushoto. Kwa treni inaanza kujitokeza baada ya Ngerengere, kwanza kama wingu lililokaa chini mno, halafu inasimama yote, Lupanga yenye mita 2,138 ikiwa imeuelemea mji. Wenye meli wanauza chumba chenye kibaraza cha kutazama bahari kwa bei ya juu kuliko kisicho na dirisha. Hapa dirisha ni la aliyewahi.

Nikifika kwenye madaraja ya juu, hapo ndipo nauli inapoanza kuuza sifa. Treni zenye pua iliyochongoka, ambazo wananchi walizipachika jina la Mchongoko hata kabla hazijaanza kazi, zilitengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Seti moja ina mabehewa manane na nafasi za abiria 589. Zilipoanza safari za Dodoma Novemba 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 40,000, daraja la biashara 70,000 na daraja la Royal 120,000, wakati treni ya kawaida kwa njia hiyohiyo ilikuwa 31,000. Zitazame namba hizo polepole. Kutoka 31,000 kwenda 40,000 unanunua muda, kwa sababu treni inaruka vituo vidogo. Kutoka 40,000 kwenda 120,000 hununui hata dakika moja. Wote mko kwenye treni moja, mlango unafunguka saa ileile. Tofauti ya 80,000 ni upana wa kiti, utulivu, kuhudumiwa, na kuonekana.

Sisemi kuonekana hakuna thamani. Mkurugenzi anayehitaji kusoma makabrasha saa tatu bila mtoto wa mtu kumkanyaga viatu ana sababu. Bibi harusi ana sababu. Mgonjwa wa mgongo ana sababu nzuri kuliko wote. Lakini hayo ni ya Dodoma. Kwa Morogoro, safari inayokwisha kabla hujamaliza kusoma gazeti la wikiendi, kulipia daraja la juu ni kumkodia godoro mtu anayekaa tu.

Jirani zetu Kenya wamepita njia hiyohiyo. Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi ilianza mwaka 2017 na nauli ya daraja la kawaida shilingi 700 za kwao; kuanzia Januari 2024 ni 1,500, na daraja la kwanza 4,500, mara tatu kamili. Ile ni safari ya saa tano na ushei, na kiti kipana kina saa tano za kukufaidisha. Kanuni ninayoitumia mimi ni nyepesi: daraja la juu linaanza kuwa na maana pale mwili unapochoka kukaa, na kwa watu wengi hiyo ni baada ya saa tatu. Wanaounganisha Moro na Zanzibar, treni asubuhi na boti mchana, wana swali hilohilo bandarini, maana boti nazo zina VIP na Royal zake. Saa mbili za bahari. Jibu langu halibadiliki, isipokuwa kwa anayetapika.

Mpaka hapa tumekuwa upande wa kaskazini wa milima. Upande wa pili, mbali na macho ya watu wa mjini, kuna reli nyingine kabisa. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, inatoka Dar es Salaam na kukata kusini ya Uluguru kupitia Kisaki, inaingia eneo la wanyama ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, halafu Mang'ula, Ifakara na Mlimba, yote ndani ya mkoa wetu, hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilometa 1,860. Madaraja yake ni ya zamani na ya kiungwana: la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, la pili ni cha sita, wanaume chumba chao na wanawake chao, isipokuwa familia inayokodi chumba kizima. Ratiba imekuwa ikiyumba, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga mzigo. Lakini kama kuna mahali katika nchi hii ambako daraja la kwanza lina thamani ya kila senti, ni pale, kwa sababu unanunua usiku wa kulala na dirisha lenye twiga.

Juu ya reli hiyohiyo hupita, mara chache kwa mwaka, kitu kilicho karibu zaidi na meli za kitalii kuliko chochote ambacho Morogoro itawahi kukiona. Ni treni ya kampuni ya Rovos Rail ya Pretoria, iliyoanzishwa na Rohan Vos mwaka 1989, na tangu 1993 inafanya safari ya Cape Town hadi Dar es Salaam, siku kumi na tano. Haibebi hata abiria mia; wasiozidi 72. Vyumba ni vya aina tatu: Pullman chenye mita za mraba 7, Deluxe chenye 11, na Royal chenye 16 na bafu la kuogea la kizamani, lenye miguu. Nauli ni zaidi ya dola 10,000 kwa mtu. Ndani yake kimo chakula, vinywaji vyote na matembezi ya njiani. Luninga hakuna, redio hakuna, na simu hairuhusiwi kupigwa nje ya chumba chako. Chakula cha jioni ni kwa koti na tai.

Watoto wa Kisaki huipungia mkono ikipita. Wamezoea. Nilichojifunza kwa kuisoma bei yake ni kwamba tajiri wa kweli analipa ili vitu vipungue: kelele, watu, haraka. Sisi tunaongeza nauli ili tupate luninga.

Turudi mjini, maana tiketi yoyote utakayokata inakufikisha Kihonda au Msamvu, na Uluguru yenyewe inaanzia hapo. Gari za Mgeta zinaiacha lami Sangasanga, karibu na Mzumbe, na kupanda kona kwa kona mpaka Nyandira kwenye kabichi, karoti na njegere zinazolisha masoko ya Dar es Salaam. Za Matombo na Kisaki zinatokea Bigwa. Magari hayo hayana daraja. Wote mnalipa sawa, wote mnashuka kusukuma likikwama kwenye tope la masika, na kiti cha mbele kwa dereva ni cha mwalimu, mama mjamzito au mzee, bila kuandikwa popote. Anayekuja kupanda mlima wenyewe ajue kuwa msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008, kuna kiingilio cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kwa Lupanga usiende bila mwongozaji. Ziweke gharama hizo kwenye bajeti ileile uliyokatia tiketi. Wageni wengi wanaokwenda Mikumi kwa safari za siku moja kupitia SGR hugundua hapa kwamba nauli ya treni ilikuwa sehemu ndogo kabisa ya siku yao.

Nikiulizwa na familia ya watu wanne, baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi, wanaotaka kuja kumwona bibi wikiendi, nitawapigia hesabu hivi. Kwa treni ya kawaida ni 13,000 mara mbili na 6,500 mara mbili, jumla 39,000, na bajaji moja ya Kihonda. Watoto wanakwenda chooni kama watu, hakuna anayetapika Chalinze, na wanafika na nguvu za kumsalimia bibi. Wanaoishi Mbezi wachukue basi la viti viwili kwa viwili asubuhi na mapema, kabla ya malori. Kurudi Jumapili, bibi akiwa amefungasha ndizi, magimbi na kuku wawili, wote warudi na basi, hata wa Kariakoo. Royal waiache mpaka watakapokwenda Dodoma, na hata huko wajiulize mara mbili.

Ombi langu ni kwa halmashauri ya manispaa na TRC. Wekeni daladala ya uhakika kati ya stesheni ya Kihonda, Msamvu na soko kuu, inayofuata ratiba ya treni, hasa ile ya mwisho ya usiku. Na mfikirie namna ya kumpakia yule mama wa fenesi kwa bei iliyobandikwa ukutani. Hiyo ndiyo huduma ambayo abiria wa njia hii watailipia bila kuulizwa mara mbili.